Mtoto kaambiwa ana "fistula" ya moyo na anacheza mpira kutwa, naombeni mnieleweshe

MamaWawili

Habarini humu. Naombeni mwenye uelewa anisaidie maana tangu juzi silali. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, tulimpeleka kwa homa ya kawaida tu, daktari kuweka kile kipimo chake kifuani akakaa nacho muda mrefuuu mpaka nikaanza kuogopa, mwisho akasema anasikia mvumo kwenye moyo na hauko kwenye pigo moja tu, unavuma mfululizo. Tukaandikiwa eko, kile kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti. Majibu yakasema mshipa wa kulia unaolisha moyo umetanuka, halafu badala ya kuishia kwenye nyama ya moyo unaenda kumwaga damu ndani ya chumba cha chini cha kulia. Wameandika fistula ya ateri ya koronari.

Sasa mimi fistula niliyokuwa naijua ni ile ya akina mama, mtu kachelewa kujifungua mkojo unavuja, nikamwambia dokta huyu si mtoto wa kiume jamani? Akacheka, akasema fistula ni njia yoyote ambayo haikutakiwa kuwepo kati ya sehemu mbili, iwe wapi mwilini. Haya nikaelewa hapo.

Ninachoshindwa ni hiki. Mtoto hana shida YOYOTE. Anakimbia, anapanda miti, anapigana na dada yake. Halafu wanataka wampitishe mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye moyo, wapige picha na wazibe. Baba yake anasema kitu kisichouma usikichokonoe. Mama mkwe naye anasema kama damu inamwagika ndani ya moyo si imo humohumo, hasara iko wapi? Na mimi ukweli hilo swali sikuwa na jibu lake. Hii ni sawa na moyo kuwa na tundu au ni kitu kingine? Na kweli kuna haja?

MzeeKijana

pole sana dada. hata mimi nasubiri wataalam ila mama mkwe kauliza swali zuri aisee 😂

Fundi_Eko

Dada pole. Mimi kazi yangu ndo hiyo eko, miaka 11 sasa, si daktari bingwa ila picha za mioyo nimeziona mpaka naziota. Nianze na swali la bibi maana ndo swali lenyewe.

Watu wengi wanadhani moyo kwa vile umejaa damu basi hauwezi kuwa na njaa ya damu. Penye miti hapana wajenzi. Damu inayopita kwenye vyumba vya moyo inapita tu, iko safarini kwenda kwenye mapafu na mwilini. Nyama ya moyo yenyewe ni nene, hainywi humo ndani (labda utando wa ndani kabisa), inalishwa na mishipa yake maalum inayochipuka kwenye aorta (ule mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini) pale inapoanzia, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, inatambaa juu ya moyo na kugawanyika mpaka vijishipa vidogo kama unywele. Hiyo ndo mishipa ya koronari. Mwili ukiwa umetulia inachukua kama asilimia 5 ya damu yote moyo unayosukuma.

Sasa chukulia mfereji unaopeleka maji shambani. Mtu kautoboa katikati na hapo pembeni kuna korongo. Maji yataenda wapi, shambani kwenye udongo unaonyonya taratibu au korongoni? Maji hayana adabu, yanafuata mteremko. Presha ndani ya mshipa wa koronari ni ile ya aorta, kubwa. Presha ya chumba cha chini cha kulia ni ndogo sana ukilinganisha. Kwa iyo damu inaikimbilia njia ya mkato, na nyama iliyoko mbele ya hapo inabaki inapata kidogo. Madaktari wana jina lake, wanasema damu "imeibwa". Mwizi yuko humohumo ndani lakini bado ni mwizi, mwambie bibi.

Na kuna kitu kinafanya wizi huu uwe mbaya zaidi kwenye moyo kuliko kwenye mguu au mkono. Viungo vingine vikiwa vimepumzika vinachukua labda robo ya oksijeni iliyoko kwenye damu, nyingine inarudi, yaani kuna akiba. Moyo hata ukiwa umelala unachukua kama asilimia 70, hauna akiba. Ukitaka zaidi, mfano mtoto anakimbia, njia pekee ni damu nyingi zaidi ipite. Na hapo ndo mfereji una tobo. Tena upande wa kushoto unapata damu yake kwa wingi moyo ukiwa umelegea kati ya pigo na pigo, maana ukibana unaibana na mishipa iliyomo ndani. Ukikimbia, muda wa kulegea unafupika. Unaona inavyojipanga vibaya.

Hasara ya pili ni mzigo. Damu iliyomwagika upande wa kulia inapelekwa tena mapafuni wakati ilishapita huko, inarudi kushoto, inasukumwa tena. Kazi ya bure. Hapo ndo inafanana na moyo kuwa na tundu, swali lako la mwisho. Lakini tundu la kawaida kwenye ukuta haligusi chakula cha moyo wenyewe, hii inagusa.

Kuhusu haja ipo au haipo, inategemea ukubwa. Ngoja niende kwa mgonjwa narudi.

Mti_na_Shina

Mama msikimbilie kuchokonoa mtoto. Mishipa inazibuka na kujitengeneza kwa dawa za mitishamba za kusafisha damu, nimeona watu wamepona. Nitumie inbox.

Nesi_wa_Zamu

@Mti_na_Shina hebu soma swali kwanza kaka. Mshipa wa huyu mtoto haujaziba, umefunguka mahali usipotakiwa. Hakuna uchafu wa kusafisha hapo, ni bomba limeungwa vibaya tangu tumboni. Dawa ya kuzibua utampa mtu ambaye tatizo lake ni kwamba kitu kiko wazi? Acha bwana. MamaWawili usimjibu huko inbox.

KifuaChangu

Nitoe na upande wangu ili dada asidhani kila mwenye hii kitu anazibwa. Mimi mtu mzima wa miaka 52, nilipata maumivu ya kifua, wakashuku mishipa imeziba, wakanipeleka kwenye picha ya katheta, ule mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa mpaka kwenye moyo. Mishipa safi. Ila wakakuta kijinjia chembamba kutoka mshipa wa kushoto wa mbele kinaingia kwenye ule mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni. Nikasema haya ndo nakufa. Daktari akasema kijitu kama hicho kinaonekana mara kwa mara kwa bahati mbaya tu wakitafuta kingine, kati ya watu elfu wanaofanyiwa hiyo picha unakuta labda mmoja au wawili. Kifua changu kilikuwa asidi ya tumbo 🤦🏾 nikapewa dawa ya tumbo maumivu yakaisha. Wakanipima nikikimbia kwenye mashine, moyo hauna njaa, haujatanuka, wakasema tunaiacha, unakuja kuonekana kila baada ya muda. Mwaka wa 6 huu.

Kwa hiyo jina moja lakini yangu na ya mtoto wako ni vitu viwili tofauti, ya kwako wamesema mshipa umetanuka, mimi wangu haukutanuka.

Fundi_Eko

Nimerudi. @KifuaChangu umenisaidia sana umesema nilichotaka kusema.

Mshipa kutanuka ndo neno la kushika kwenye ripoti yako dada. Mshipa wa damu unakua kulingana na kazi unayopewa. Ukipitisha damu nyingi miaka na miaka unapanuka, unajipinda kama nyoka, mahali pengine unafanya puto. Ukiona umetanuka maana yake wizi ni mkubwa na umeanza zamani. Na mvumo ule wa mfululizo aliosikia daktari ndo huohuo, damu inapita pigo na kati ya pigo, haipumziki. (Daktari wako masikio yake mazuri, wengi wangesema ni ule mshipa wa karibu na mapafu ambao kwa kawaida unajifunga mtoto akizaliwa, nao unavuma hivyohivyo ila unasikika juu zaidi, chini ya mfupa wa bega la kushoto mbele.)

Ndogo, mshipa wa kawaida, moyo wa kawaida: wanaangalia tu, na kwa watoto wadogo nyingine zinajifunga zenyewe. Kubwa: wengi wanashauri izibwe hata kama hana dalili, na hapo ndo baba yake anapopata shida nadhani. Mtoto wa miaka 7 ana moyo mpya, unavumilia. Dalili za hii kitu zinakuja ukubwani mara nyingi, miaka 20 na kuendelea, pumzi kuwa fupi, kifua kubana akifanya kazi, moyo kwenda mbio, miguu kuvimba. Wengine vijidudu vinapata mahali pa kuota pale damu inapofoka, homa haiishi. Wengine damu inaganda ndani ya ule mshipa mpana. Kupasuka ni nadra sana sana usikeshe ukiwaza hilo. Kuziba mshipa wa mtoto ambao haujawa puto ni rahisi kuliko wa mtu wa miaka 40 ambao umeshakuwa mpana kama kidole.

Na inapomwagia nako kuna maana yake. Nyingi zinamwagia kulia kama ya mwanao. Zipo chache zinamwagia chumba cha chini cha kushoto, hizo hazipeleki damu ya ziada mapafuni, zinafanya kama vali ya aorta (kile kilango kinachozuia damu isirudi) inavuja, kila moyo ukilegea damu inarudi.

Hii kitu ya zamani jamani si ugonjwa wa kisasa, mtu anaitwa Krause alishaieleza mwaka 1865, wakati huo hakuna eko wala nini, wanafungua maiti ndo wanaona.

Mama_Jemedari

Nimesoma nikaona niandike japo yangu si hiyohiyo, ni binamu yake. Wa kwangu mshipa wa kushoto wote haukutoka kwenye aorta, ulitoka kwenye mshipa wa mapafu. Yaani bomba la maji safi likaungwa kwenye tenki lisilo lake.

Alizaliwa vizuri, kilo nzuri, analia vizuri. Alipofika karibu miezi miwili akaanza kunyonya kidogo anaacha, jasho kichwani linatiririka, anakuwa mweupe kama karatasi, analia kilio kile cha maumivu kisha anatulia ghafla. Nikaambiwa chango. Nikapewa dawa ya chango. Wiki mbili baadaye nikaambiwa nimonia, picha ya kifua ikatoka moyo mkubwa umejaza kifua, wakasema misuli ya moyo imedhoofika tu hakuna sababu, tumpe dawa tuone. Kituo cha kwanza sikitaji na siwalaumu sana, kilikuwa hakina mtu wa moyo wa watoto. Tulipopata rufaa yule dada wa eko akaweka zile rangi zinazoonesha damu inaelekea wapi, akakaa kimya, akaita mwenzake, wakaona damu kwenye mshipa wa kushoto inatembea KINYUME, inatoka kwenye moyo inaenda kwenye mshipa wa mapafu.

Nilielezwa hivi na sitasahau. Tumboni na siku za kwanza presha ya mapafu iko juu, kwa hiyo hata mshipa ukiwa umetokea pale unasukumiwa damu, mtoto haoneshi kitu. Wiki zinavyokwenda mapafu yanalegea, presha inashuka, hakuna wa kusukuma tena. Mshipa wa kulia unajaribu kumsaidia mwenzake kwa vinjia vidogo lakini damu ikifika kushoto inaona mteremko wa mapafu inakwenda zake. Kilichokuwa kinalia kwenye titi si chango, ni moyo wa mtoto unauma kama wa mzee mwenye mishipa iliyoziba, maana kunyonya kwa mtoto mchanga ndo mazoezi yake.

Wanaita dalili za Bland, White na Garland, madaktari watatu walioandika mwaka 1933. Nadra mno, kama mtoto mmoja katika laki tatu. Usipofanya kitu wengi hawamalizi mwaka wa kwanza. Walimfungua wakauhamisha mshipa wakaushonea kwenye aorta panapostahili. Vali ya kushoto ilikuwa inavuja kwa sababu misuli inayoishika ilikuwa na njaa, haikuguswa, ikapunguza kuvuja yenyewe baada ya moyo kula. Sasa ana miaka 4 na amenivunjia simu mbili.

Kwa hiyo MamaWawili wewe umeambiwa mapema mtoto akiwa mzima. Ningepewa hiyo nafasi ningeichukua kwa mikono miwili.

MzeeKijana

duh @Mama_Jemedari nimesoma mara mbili. mungu mkubwa

swali la mpirani: hii ndo inayoua wachezaji uwanjani?

Nesi_wa_Zamu

@MzeeKijana wanaodondoka uwanjani sababu ni nyingi, misuli ya moyo kuwa minene, umeme wa moyo kuvurugika nk. Ila mishipa ya koronari kutokea mahali sipo imo kwenye orodha na iko juu. Si hii ya mtoto huyu lakini. Mbaya zaidi ni ule mshipa wa kushoto unaotokea upande wa kulia wa aorta halafu unapita katikati ya aorta na mshipa wa mapafu. Mtu akiwa anakimbia ile mishipa mikubwa inajaa, na mdomo wa huo mshipa mara nyingi ni mwembamba kama mkato wa wembe, unabanwa. Yuko mzima, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) nzuri, anadondoka.

Pete Maravich yule wa mpira wa kikapu Marekani alicheza NBA misimu 10, akafariki mwaka 1988 akiwa na miaka 40 akicheza mechi ya kirafiki tu, walipomchunguza wakakuta mshipa wa koronari wa kushoto hakuwa nao kabisa tangu kuzaliwa. Wa kulia ulikuwa unalisha moyo wote. Ukifikiria hilo unabaki kushangaa aliwezaje kukimbia miaka yote hiyo, na ndo maana mimi mtu akiniambia "mbona anacheza vizuri tu" huwa sishawishiki. Kucheza vizuri si kipimo.

Mtu anayezimia au kubanwa kifua AKIWA ANAKIMBIA, si baada ya kukimbia, huyo asirudi uwanjani mpaka mishipa iangaliwe inakotokea, kwa eko au siti skani.

MamaWawili

Jamani asanteni, nimemsomea baba yake yote mpaka hapo kwa Maravich, kanyamaza. Bibi kasema "kumbe mwizi yuko ndani" 😅 amekubali.

Bado nina maswali. Nilikula nini nikiwa mjamzito mpaka ikawa hivi? Na dada yake apimwe? Na wakiziba kwa mpira wa pajani inakuwaje, si kuna hatari ya kuziba na mshipa mzima?

Nesi_wa_Zamu

Hukula chochote shosti. Moyo unavyojengwa wiki zile za mwanzoni, pengine hujajua hata kama una mimba, nyama yake inakuwa kama sifongo yenye vinjia vingi vinavyowasiliana na vyumba, baadaye vinajifunga. Kimoja kikisahau kujifunga ndo hicho. Kwa kawaida si ya kurithi. Dada yake akionwa na daktari akasikilizwa moyo inatosha, isipokuwa wakisikia kitu. (Ziko nyingine zinazopatikana ukubwani, mtu kachomwa kifuani, au kafanyiwa kitu kwenye moyo, si zenu hizo.)

Fundi_Eko

Swali la kuziba mshipa mzima ndo swali la kumuuliza anayefanya, tena muulize hivihivi. Kabla ya kuziba wanamwaga dawa ya picha wanaona kila tawi linalotoka njiani. Kanuni ni kuziba karibu na mdomo inapomwagia, MBELE ya tawi la mwisho linalolisha nyama, yaani damu ikishalipita. Ukiziba nyuma ya tawi umelinyima damu, hiyo ni mshtuko wa moyo. Ndo maana wengine wanapuliza kijiputo pale kwa dakika kadhaa kwanza, wanaangalia ECG kama kuna mabadiliko, ikitulia ndo wanaweka koili au kizibo. Koili ni waya laini unajikunja wenyewe ukitoka kwenye katheta, damu inagandia hapo njia inakufa. Ikiwa mdomo ni mpana sana au ni midomo mingi, au mshipa umejipinda mno katheta haifiki, hapo wanarudi kwenye upasuaji wa kawaida wa kufunga na uzi. Hatari zipo, koili inaweza kuteleza ikaenda mapafuni wakalazimika kuivua, au njia ikabaki inapitisha kidogo.

Na hili wengi hawaelezwi wanakuja kushangaa: mshipa uliotanuka haurudi mwembamba kesho yake. Juzi ulikuwa mto unaokimbia, leo umeufunga mwisho, maji yametuama. Damu ikituama inaganda, na bonge likikaa kwenye matawi ni balaa. Kwa iyo usishangae mtoto akiandikiwa aspirini kidogo kwa miezi au zaidi, na ukiwa mpana sana dawa kali kuliko hiyo. Usiikatize kwa sababu mtoto "amepona". Halafu akiwa kwenye aspirini akipata tetekuwanga au mafua makali mpigie daktari siku hiyohiyo, aspirini na hivyo viwili havikai pamoja kwa mtoto. Meno ayapige mswaki kweli, kinywa kichafu ndo mlango wa vijidudu vya moyo. Na atafuatiliwa miaka, si wiki, wanaangalia mshipa unasinyaa au unaota puto au njia imefunguka tena.

Omba nakala ya picha zake, za eko na za katheta, ziweke. Daktari wa miaka kumi ijayo atakushukuru.

MamaWawili

Nimeandika yote kwenye daftari. Tumepewa tarehe, wiki mbili zijazo. Yeye mwenyewe kasikia tunaongea kaniuliza hiyo waya ikishakaa kwenye moyo ataisikia ikimchoma akiruka? Nimjibu nini

Fundi_Eko

Mwambie hataisikia kabisa, mshipa kwa ndani hauhisi kitu kama hicho na baada ya muda utando unaota juu yake. Atakachosikia ni kinena kuuma siku mbili tatu, na ile amri ya kulala chali masaa kadhaa bila kukunja mguu ili pale walipotoboa pasivuje. Huyo mpanda miti wako, hapo kwenye kulala chali ndo mtajuana. Beba katuni.